Padri Theonest Mutalemwa na Siku Nne za Shungimbili

Mhashamu Baba Askofu, mapadri na masista, viongozi wetu wa serikali, masheikh na wazee wa Mafia, waamini wa parokia hii ya Kilindoni, ndugu na marafiki mliovuka maji kuja kutufariji, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao leo mmejaa hapa kuliko sisi wenyewe, Asalaam aleikum.

Naitwa Deusdedit, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu, nami nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya kaka yetu, lakini karatasi hizi, kabla sijaanza, mjue si za kwangu. Alinitajia mwenyewe neno kwa neno nami nikaandika, hapa hapa nyumba ya mapadri, kati ya mwezi wa Juni na Julai mwaka huu, akiwa amelalia ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa ukimuuma, akitazama nyuma miaka yake arobaini na mitatu ya upadri, na yako maneno ambayo mimi nilimwomba ayatoe, na dada yetu Leonia akamwomba kwa machozi ayatoe, akakataa. Alisema, "Deus, usinifanye malaika mbele ya watu wanaonijua." Kwa hiyo nitasoma yote, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu sauti yangu inaweza kukatika njiani.

Marehemu Padri Theonest Mutalemwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika kijiji kilicho jirani na Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Ishengoma na Mama Kokushubira, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Sisi wadogo zake tulimjua tangu utoto kuwa mtu wa neno moja, akisema hapana imekuwa hapana, kiasi kwamba siku moja Baba alimwachia buni iliyoanikwa mkekani akamwambia asiiguse mpaka arudi, mvua ikaja, majirani wakampigia kelele aiingize ndani, naye akasimama pale pale analowa na buni inalowa, akisubiri Baba arudi. Tulicheka sana kwa kisa kile nyumbani, na yeye mwenyewe alikuwa akicheka, mpaka alipofika umri wa miaka arobaini na saba, kuanzia hapo hakukicheka tena.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1959, akajiunga na seminari ndogo ya Rubya mwaka 1967, akapita Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1973, kisha akafuata mjomba wetu Dar es Salaam na kufundisha hesabu kwa miaka miwili kabla ya kuomba kuingia seminari kuu, akiomba kwa ajili ya watu wa pwani na si kwa ajili ya kwetu, jambo ambalo Baba hakulipenda. Alipewa daraja takatifu la upadri tarehe 8 Julai 1982 jijini Dar es Salaam, na Baba, aliyesafiri siku tatu kwa meli na treni kuja kushuhudia, alimbariki, kisha akamuuliza mbele yetu sote, "Huko pwani kuna nini ambacho kwenu hakipo?" Kaka alijibu kwamba hajui bado.

Alianza utume katika parokia za bara, Kisarawe na Rufiji, akadumu huko miaka kumi na miwili, akachimba visima, akaugua malaria mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, na tarehe 11 Februari 1994 akashuka hapa Kilindoni akiwa na sanduku moja na redio. Waamini walikuwa wachache, walimu, wauguzi, askari na watumishi wa ofisi waliotoka bara kama yeye, wengi wao wakihesabu siku za kuhamishwa, na yeye akawaambia Jumapili ya kwanza kwamba aliyekuja kuhesabu siku atazihesabu peke yake. Alijifunza kufunga mdomo mchana wa Ramadhani, alijifunza nani ni ndugu wa nani, alikwenda kwenye misiba yote, ya Kilindoni na ya vijijini, akakaa mkekani na wanaume, na kwa kuwa parokia ilikuwa na boti ndogo ya mashine, boti hiyo ilibeba wajawazito na wagonjwa wa dini zote, na haikuulizwa ni ya nani.

Ni kwa sababu ya boti hiyo alifika Shungimbili.

Jumanne ya tarehe 21 Aprili 1998, mvua zikiwa hazijakatika tangu mwaka uliopita, habari zilifika Kilindoni kwamba kwenye kile kisiwa cha mchanga cha Shungimbili, kulikokuwa na dago, yaani kambi ya wavuvi hamsini na wawili, watu wanaharisha na kutapika na wawili wamekwisha kufa. Mganga wa wilaya aliomba boti ya parokia, akampa muuguzi Safia chupa za maji ya dripu zilizokuwepo, ambazo zilikuwa kumi na nne, akamwambia Padri maneno haya, ambayo kaka aliyarudia kwangu mara nyingi: "Nyingine nazitafuta bara. Mpaka zifike, mtu asitoke pale. Akitoka mmoja mwenye kipindupindu akaingia kijijini kwake, tutazika watoto."

Padri na Safia walifika adhuhuri, na upepo ukawafunga nyuma yao. Nahodha wa dago lile, Mzee Matano, mtu aliyeheshimiwa, aliwakusanya wavuvi, na kwa ruhusa yake Padri akaomba kila chombo kitoe usukani wake, na zile mashine mbili zitoe plagi, vikawekwa vyote chini ya turubai alilolalia yeye, na watu wakakubali, kwa sababu siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka kiasi kwamba hakuna aliyefikiria kuondoka. Jumatano akafa wa tatu. Alhamisi akafa wa nne, na chupa za dripu zikaisha, Safia akabaki anachemsha maji, anachanganya chumvi na sukari, anawanywesha watu kwa kijiko, na wenye nguvu walianza kukaa mbali na wagonjwa, wakimtazama Padri bila kumsalimia.

Katika wagonjwa alikuwemo kijana Hemedi, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa ameoa mwaka huo huo, na kaka yake, Bwana Taufiki, ndiye aliyekuwa na mashua iliyo nyepesi kuliko zote pale. Mara ya kwanza Taufiki alikuja Alhamisi asubuhi, akaomba usukani wake kwa adabu ili ampeleke Hemedi hospitali Kilindoni, Padri akamwambia hapana. Alikuja tena alasiri, akasema atakwenda na mdogo wake tu, hatashuka na mtu mwingine, Padri akamwambia hapana. Mara ya tatu ilikuwa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 24.

Ninasoma sasa kama nilivyotajiwa. "Alikuja amemshika bega Mzee Matano, akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya turubai. Akasema, 'Padri, mdogo wangu anakatika. Sikia upepo. Upepo umelala. Nipe usukani wangu.' Nami nilisikia. Upepo ulikuwa umelala kweli. Maji yalikuwa yakipitika, nilikuwa nimekaa visiwani miaka minne, naijua bahari inayopitika. Nikamwambia bahari bado chafu. Akanitazama, akasema, 'Padri, unaniambia mimi?' Nikarudia, bahari bado chafu, rudi kwa mgonjwa wako."

Nilimuuliza kaka kwa nini, na akanipa sababu mbili. Ya kwanza ni ile mnayoweza kuifikiria, kwamba akitoa usukani mmoja atatoa wote saba, na kwamba wapo watu kumi na watatu waliokuwa na ugonjwa tumboni, wa Jibondo, wa Kilindoni, wa Bweni, wangeupeleka kwa wake zao na watoto wao, na sababu hii ilikuwa ya kweli, angeweza kuisema kwa uso mkavu. Ya pili aliisema akiwa amegeuza uso ukutani. "Nilikuwa nimeshasema hapana mara mbili mbele ya watu. Sikutaka kuonekana nimeshindwa. Basi badala ya kumwambia ukweli, kwamba namzuia mdogo wake hata kama atakufa, ili wengine wasife, jambo ambalo angenichukia kwalo lakini angalau lingekuwa kweli, nikamsingizia bahari."

Hemedi alifariki saa tatu asubuhi, mikononi mwa kaka yake, na boti ya dripu kutoka bara ilitia nanga saa nane mchana, bahari ikiwa imetulia mbele ya macho ya watu wote. Hakufa mwingine baada yake, na hakuna kijiji hata kimoja cha Mafia kilichopata ugonjwa ule, na mama yetu Safia, ambaye yupo hapa leo na ameniruhusu kusema, anaamini kwamba Hemedi asingefika Kilindoni hai, kwa kuwa mishipa yake ilikuwa imekwisha kuzama. Nilipomsomea kaka maneno hayo ya Safia nikidhani yatampoza, alisema, "Huenda. Lakini angekufa anapelekwa. Kaka yake angejua kwamba alimpeleka."

Ndugu waombolezaji, kama mambo yangeishia pale nadhani kaka yangu angebeba huzuni tu, wala si aibu. Lakini tarehe 16 Mei 1998 kiliitwa kikao hapa Kilindoni kuzungumzia ugonjwa ule, ukumbi ukajaa, na Bwana Taufiki akasimama, akasema kwamba Ijumaa ile upepo ulilala tangu alfajiri na Padri alijua. Watu wakaguna. Mzee mmoja akamwambia asimzulie mtu wa Mungu aliyehatarisha maisha yake kwa ajili yao. Mwenyekiti wa kikao akamgeukia kaka, akamuuliza, "Padri, bahari ilikuwa inapitika?" Mzee Matano, ambaye ndiye shahidi pekee wa maneno ya mbele ya lile turubai, alikuwa amekwisha kufariki wiki moja kabla kwa maradhi ya moyo, na wavuvi wengine hawakutaka kumpinga mtu aliyewaokoa. Kaka alijibu, "Bahari ilikuwa chafu." Ilikuwa kweli kwa siku tatu kati ya nne. Wakapiga makofi, akapewa hati ya pongezi, ambayo hamtaiona popote ndani ya nyumba ile.

Tangu siku ile Bwana Taufiki akaitwa mzushi. Wavuvi hawakutaka kupanda chombo chake, wengine walipita upande wa pili wa njia, kwao mchumba aliyekuwa amemposa wakamrudishia posa yake, na mwaka uliofuata akahama Kilindoni akaenda kukaa kwao Bweni, kaskazini kule, akivua peke yake jirani na Ras Mkumbi, na kaka yangu akaendelea kubatiza, kuungamisha na kuhubiri, akisalimiwa na kila mtu sokoni.

Mwaka 2001 alihamishiwa bara, watu wakamlilia, na mwaka 2007 akaomba kwa barua tatu arudishwe Mafia, wakubwa wake wakashangaa, maana mtu mwenye umri ule huomba kwenda palipo na umeme wa uhakika. Alirudi. Ilimchukua miaka miwili mingine kupata nguvu za kwenda Bweni, na tarehe 3 Oktoba 2009 akapanda pikipiki mpaka kwa Bi Mwanasiti, mama yao Taufiki na Hemedi, akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba na kumwekea kiti, na kaka akamweleza yote, lile la upepo na lile la kikao. Yule mama alikuwa akisuka ukili, hakuuweka chini. Alimwambia, "Hemedi nilishamrudisha kwa Mwenyezi Mungu, Padri, na wewe nilishakusamehe kabla hujaja. Lakini huyu niliyebaki naye ulimfanya mwongo. Msamaha wake mimi sina, nenda kamwombe mwenyewe." Taufiki alipokuja kutoka pwani alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Hukunisema mwongo chumbani. Ulinisema mbele za watu. Kaniombe radhi mbele za watu." Kaka akaahidi.

Sasa nasoma sehemu ambayo dada Leonia aliomba iachwe. Kaka yangu aliahidi, na hakutimiza. Kwanza alisema atasubiri darasa la chekechea likamilike, kwa kuwa wazazi wa dini zote walikuwa wakichangia nguvu zao na aliogopa kuwagawa, darasa likakamilika. Kisha kukawa na uchaguzi, watu wana joto. Bi Mwanasiti akafariki mwaka 2016, kaka akaenda kuzika, Taufiki akampa mkono kama alivyowapa wengine wote. Tarehe 8 Julai 2022, siku ya kutimiza miaka arobaini ya upadri, kaka alimwandikia barua, akamwambia njoo, siku hiyo nitasema, na Bwana Taufiki akaja, amevaa kanzu nyeupe, akakaa chini ya turubai la wageni pamoja na masheikh, na mimi nilikuwepo bila kujua lolote. Kaka alisimama, akashukuru watu kwa dakika arobaini, akafika mahali akanyamaza, ameshika meza kwa mikono miwili, sisi tukadhani ni uchovu, kwaya ikadhani amemaliza ikaanza kuimba. Naye akakaa. Nilimwona mtu mmoja anainuka anaondoka wakati pilau inapakuliwa, nikamuuliza jirani yangu yule ni nani, akaniambia, ni mzushi mmoja wa Bweni.

"Nimehubiri kweli miaka yote hii," kaka aliniambia mwezi Juni, "na sentensi moja imenishinda."

Nilimkasirikia. Nilimwambia, "Kaka, bado unapumua, waite watu kesho uwaambie." Akasema, "Kesho nitaogopa tena. Andika." Sioni haya kuwaambia kwamba nilitupa kalamu, nikatoka nje, na nilikaa siku mbili bila kwenda kumwona.

Marehemu hakuoa wala hakuzaa, kwa nadhiri aliyoishika, lakini ameacha ndugu wanne, wapwa na watoto wa ndugu thelathini na mmoja, ambao aliwajua wote kwa majina na kwa madaraja waliyopata shuleni, na ameacha watu aliowabatiza, kuwafungisha ndoa na kuwapeleka hospitali, ambao hatuwezi kuwahesabu.

Alianza kusumbuliwa na figo mwishoni mwa mwaka 2023, akatibiwa hapa Kilindoni, kisha Dar es Salaam, ambako alikuwa akilazwa mara kwa mara, na mwezi Mei mwaka huu, madaktari walipomweleza kwamba moyo nao umechoka, aliomba kurudi Mafia, Baba Askofu akamruhusu, na akamruhusu pia azikwe hapa, jambo ambalo sisi wa Kagera tulilipinga, na leo hatulipingi tena. Jumanne ya tarehe 2 Septemba 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, baada ya kupokea sakramenti ya wagonjwa, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilindoni na wa Dar es Salaam, Baba Askofu na mapadri wenzake, serikali ya wilaya, majirani ambao tangu Jumanne hawajaturuhusu kuwasha moto wetu wenyewe, na akina mama wa mwani walioacha kazi yao maji yakiwa yamekupwa vizuri, wakaja kupika.

Mtu wa mwisho ambaye familia inamshukuru nilimwendea juzi Alhamisi, Bweni, peke yangu, sikujua nitamwambia nini. Nilimkuta anatengeneza nyavu, nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mdogo wake Padri, Padri amefariki, na yapo maneno nimeachiwa kuyasoma Jumamosi. Alishona tundu alilokuwa akilishona mpaka likaisha. Akauliza, "Yote?" Nikasema yote. Akasema, "Nitakuja. Nitasimama nyuma. Ukiruka hata neno moja, nitaondoka."

Nimesoma kwa woga, nikiinua macho kila karatasi, na sikuwa nawatazama ninyi. Bado amesimama, pale karibu na lango.

Bwana Taufiki, kwa idhini ya marehemu na mbele za watu hawa: Ijumaa ile bahari ilikuwa inapitika. Ulisema kweli. Radhi tunakuomba sisi, kwa kuwa yeye alichelewa.

Nawe kaka, umekwisha kusema. Sasa pumzika.